Kijiti cha Juu ya Msonge

Ukurasa huu nimeuanza mara tatu, na mara mbili nimeuchana. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo mpangilio ukinishinda mnivumilie. Ninachojaribu ni kutomwonea mtu, hata mwenyekiti wetu, ambaye siku hizi tukikutana sokoni Kitale tunasalimiana kwa mbali.

Mimi ndiye mwandishi wa kikundi chetu kidogo cha kutunza majengo ya zamani, ili wageni wanaopita kwenda mlimani wapate sababu ya kusimama. Kuwa mwandishi maana yake nabeba daftari na bahasha ya picha, basi. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa baraza la duka la familia moja ya Kihindi hapa mjini. Nguzo zake za mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mzee wa duka alitupatia picha ya babu yake amesimama pale barazani, na sisi tukaifuata, nguzo kwa nguzo, hadi ule ubao wa chini ya paa uliokatwa meno meno. Tulipomaliza, mzee alizipapasa nguzo zote, kisha akatuagizia chai na bhajia. Tangu siku hiyo mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikuwa na neno moja tu: "Fuateni picha." Nami nililishika kama amri ya kanisani.

Kazi ya pili ilikuwa msonge, nyumba ya duara ya udongo na nyasi, upande wa Bungoma, katika boma la bibi mmoja mjane. Wote tulimwita Kukhu, kama bibi anavyoitwa kwetu. Analala kwenye nyumba ya matofali, lakini anapika kwenye msonge. Sharti lake lilikuwa moja.

"Wageni waje, sikatai. Lakini mimi naendelea kupika humu. Humu ndimo nililetwa nikiwa msichana."

Alitupatia picha ya marehemu mumewe amesimama mbele ya msonge. Juu kabisa, kwenye ncha ya paa, kijiti kimesimama wima. Fundi wa nyasi alipofika huko juu aliniita kutoka kwenye ngazi.

"Mama, hii ya juu tuweke kweli?"

"Si iko kwenye picha?"

"Iko."

"Basi weka."

Ndivyo tulivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Baba yangu ni Mbukusu, lakini mimi nilizaliwa Kitale, kwenye vyumba vya kupanga vya mabati, na sikuwahi kukaa katika nyumba yenye kitu kichwani. Sisemi hivi kujitetea. Kukhu alikuwa shambani, mwendo wa dakika kumi, na mdomo wa kumuuliza ninao.

Alirudi na kapu la mboga kichwani. Akatazama juu. Akalitua kapu polepole.

"Huyu ni nani?"

"Nani, Kukhu?"

"Huyu mwanamume mliyeniwekea ndani."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Kijiti kile kinasema mwenye nyumba yuko hai. Mumewe alipofariki, ndugu yake alipanda akakitoa kwa mkono wake mbele ya waombolezaji, na tangu siku ile msonge ukawa wa mjane. Mimi nimekirudisha. Kwa kila apitaye njiani, nyumba ya Kukhu sasa ina bwana.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliingia mara moja tu, akatoa mafiga yake matatu, akayapanga uani. Jioni mvua ikanyesha akiwa anachemsha maharagwe, mkono mmoja umeshika mwavuli juu ya sufuria. Jirani mmoja, shemeji yake wa mbali, akapaza sauti kutoka kwenye ua, akimwita shemeji kwa Kibukusu:

"Mulamwa! Ati umeolewa na hata soda hatujaonja?"

"Muulize huyu wa Kitale," Kukhu akajibu, "ndiye aliyeleta bwana harusi."

"Ni mrefu?"

"Ni mwembamba sana, bana. Na hali chakula."

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, mpaka nikaona maji ya mvua yakiingia kwenye moto.

Nikampigia mwenyekiti. Jibu lake naliandika lote kwa sababu lina uzito.

"Msonge huu ni wa kuonyesha wakati mzee yuko hai. Tukikitoa tunawadanganya wageni. Na wanakuja Jumamosi."

"Lakini mwalimu, anapikia nje kwa mvua."

"Wageni wakienda atarudi ndani."

"Hatarudi."

"Basi tutakaa kikao wiki ijayo."

Nikamgeukia fundi. "Mama, mimi nilikuuliza," akasema. Kweli aliniuliza. Alidhani nimeshaongea na mwenye boma. "Kukitoa siwezi. Nikitoa mimi, ni kama nimemzika mzee wa watu, na mimi si wa ukoo huu." Mimi mwenyewe nisingeweza, maana mwanamke hapandi paa la nyumba.

Siku mbili hizo sikuweza kukaa. Nilikwenda Kitale, nikarudi Bungoma bila kumaliza lililonipeleka. Nikikaa nasimama, nikisimama naangalia juu. Nilijiuliza kama namsaidia Kukhu au natafuta tu kusafisha mkono wangu. Mpaka leo sijapata jibu. Ijumaa nilikwenda Naitiri, anakoishi yule ndugu wa marehemu. Nilimkuta anageuza mahindi kwenye turubai.

"Kumbe mmemfufua kaka yangu bila kuniambia?" Alicheka sana, kisha akaacha. "Nilikitoa mara moja. Unajua ni nini kupanda juu ya nyumba ya kaka yako, watu wanalia chini? Sasa nikitoe tena?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwenyekiti wenu amekubali?"

"Hapana."

"Sasa wewe umekuja kwa niaba ya nani?"

Nilitaka kusema ni kwa niaba ya Kukhu, lakini Kukhu hakunituma. "Ni mimi tu," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema kiwekwe."

Akarudi kugeuza mahindi. Nilidhani amenifukuza. "Kesho asubuhi," akasema.

Alichelewa, na wageni wakawahi. Walipoingia bomani yeye ndio kwanza alikuwa kwenye ngazi. Mwenyekiti alikuwa na ile picha mkononi, imekuzwa na kuwekwa fremu, na alikuwa akiwaeleza jinsi kila kitu kilivyo sawasawa.

"Mwandishi, hii ni nini?"

"Ni mimi nimemwita, mwalimu."

"Umetuaibisha." Alisema kwa sauti ya chini, wageni wasisikie. Huo pia ni uungwana, na nauhesabu kwake.

Mzee akashuka na kijiti, akazunguka nyuma ya nyumba peke yake. Hakuna aliyemfuata. Kukhu akabeba mafiga yake, moja moja, akayaingiza ndani. Akarudi kuchukua sufuria, akainama mlangoni, akaingia. Mgeni mmoja akainua kamera amfuate. Sijui nani alinipa nguvu, nilisimama mlangoni.

"Ngojeni kidogo."

"Mpaka lini?" mwenyekiti akaniuliza.

"Sijui, mwalimu."

Ndani vijiti vya kuni vilikuwa vikivunjwa. Baadaye moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi mpya, na mgeni mmoja akashtuka, akauliza kama nyumba inaungua. Mwenyekiti akakohoa. Akaishusha picha, akaielekeza miguuni.

"Hapana," akawaambia. "Ni mwenye nyumba. Anapika."

Mimi nilibaki pale mlangoni, miguu haitulii, nikingoja Kukhu aseme kama tunaweza kuingia.