Namba Zote Nilizipa Jina Moja

Kosa ni langu. Naanza na hilo nisije nikazunguka. Mayai ya kina mama wa Binza hayakuharibiwa na umeme. Niliyaharibu mimi!

Naandika programu za kompyuta, nakaa Bariadi. Mama yangu mdogo yuko Binza, kule Maswa. Nilimtengenezea mashine ya kutotoleshea vifaranga, inaongozwa na kompyuta ndogo. Wenzake wa jumuiya wakamwamini. Kila mmoja alileta mayai ya kuku wake na kuyachora alama yake kwa mkaa, ijulikane lipi la nani.

Kwenye kerneli, yaani kile kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, nilikuwa nimeandika 37 tupu kila mahali. Kuna 37 ya nyuzi joto. Kuna 37 nyingine, namba ya pini, kile kijiti cha kompyuta kinachowasha feni ya kusambaza joto. Baadaye nikaona aibu, namba tupu hazieleweki, afadhali zipewe majina. Wazo zuri tu. Lakini uvivu, jamani! Sikupitia mstari kwa mstari. Nilibonyeza "badilisha zote", kila 37 ikawa JOTO, na juu kabisa nikaandika kuwa JOTO ni 37. Nikajaribu, mashine ikafanya kazi vilevile. Nikajiona fundi.

Mayai ya kina mama yakiwa ndani, niliona joto liongezwe kidogo. Nikabadilisha sehemu moja tu, JOTO ikawa 38. Kumbe na feni nimeihamisha! Kompyuta ikawa inaitafuta kwenye pini ya 38, ambako hakuna kitu. Kioo cha mashine kilisoma 38 vizuri kabisa. Nikanywa chai, nikarudi Bariadi. Sikusikiliza hata kama feni inavuma.

Mayai ya juu yaliungua, ya chini yakapoa. Hakikutoka kifaranga hata kimoja. Nikarudi Binza kuikagua mashine.

"Ng'wanone, mwanangu, shida ni nini?" mama mdogo aliniuliza, yai mkononi.

"Umeme, mama. Ulikatika."

Nilikuwa nimeshaona kosa. Mdomo ulisema wenyewe.

Akawaambia wenzake hivyohivyo. Mmoja akamjibu, "Umeme upi, mama? Mbona kwangu ulikuwepo muda wote?" Nilikuwa nimekaa palepale. Nikaangalia miguu yangu.

Aliwarudishia mayai nyumba kwa nyumba, kwa kufuata alama. Siku hizi wanamsalimia na kupita. Wanasema ni mwongo, alizima mashine akasafiri. Yeye ananipakulia ugali na kuniuliza kazi inaendaje. Nasema nzuri. Sisikii uchungu wala nini, nakula tu.

Msimbo nimesharekebisha. JOTO ni JOTO, PINI_YA_FENI ni PINI_YA_FENI. Kazi ya dakika chache! Mashine ni nzima, lakini hakuna anayeleta yai.

Wewe unayeandika msimbo, kabla hujabadilisha zote, iulize kila namba inafanya kazi gani. Na ukiharibu, usiseme ni umeme. Kuna mtu atakuamini, aende kuwaambia wenzake.