Nilivyomwombea Mzee Chilewa Pumziko la Milele

Jumapili, nikielekea kanisani, niliona turubai limefungwa nyumbani kwa Mzee Chilewa, aliyekuwa amelazwa hospitali. Akina mama wa kanisa, ndani ya sare zao, walikuwa wakiinjika masufuria makubwa. Moyo ukanipasuka, sikuuliza mtu.

Kuongoza maombi ilikuwa zamu yangu, nami nikayapamba: "Bwana, mpe Mzee Chilewa pumziko la milele. Upepo wa mtaa wetu wa Nkuhungu umwimbie."

"Baba!" binti yake alipiga yowe kwenye kwaya. "Nimemwacha anavaa viatu!" Akaanguka. Vilio vikatanda.

Ndipo akaingia mzee mwenyewe, amekumbatia jogoo wa kushukuru kupona kwake.

"Shikamoo, mzee," niliropoka kwenye kipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu. Tunamlilia nani?"

Kanisa zima likanigeukia.