Majina Ndani ya Pindo la Pazia

Pazia lilichanika baada ya wimbo wa mwisho, wakati watu wanarudisha viti. Mpiga gitaa wa kwaya alikuwa akiburuta spika kuelekea mlangoni, kona ya spika ikashika kitambaa, naye akaendelea kuvuta bila kujua. Mahameli ya zaidi ya miaka mia ikipasuka haisikiki kama nguo ya kawaida. Bernardine, aliyekuwa bado amesimama na waimbaji wa sauti ya pili, aligeuka kabla ya mtu mwingine yeyote.

Waumini hao wa Kongo walikuwa wamekodi jumba kwa ibada moja tu ya Pasaka, kwa sababu ukumbi wao wa mtaa wa Phillips, Minneapolis, Marekani, ulikuwa ukiezekwa upya. Lilikuwa jumba la zamani la matofali mekundu, katika mji jirani wa Saint Paul, lenye jukwaa, roshani mbili, na maandishi ya mawe juu ya mlango kwa lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Msimamizi wake alikuwa Mkenya aitwaye Alfred. Asubuhi ile aliwapa masharti mawili: wasile ndani, na wasiguse pazia.

Alfred alikuja, akachuchumaa mbele ya ule mpasuko, akaupima kwa macho. Ulikuwa mrefu kama mtu mzima, na ulishuka hadi kwenye pindo la chini. Kalume, kiongozi wa kwaya, alianza kuomba radhi kwa Kiswahili, akahamia Kifaransa, akakwama. Bernardine akapiga magoti, akashika kitambaa kati ya vidole viwili.

"Hii rido haikushonwa na mashini," alisema, akiliita pazia kwa neno la kwao. "Ni mkono mtupu. Nitaishona mimi."

"Mama, kwa heshima, hii si kazi ya kila fundi," Alfred alijibu. "Kuna wataalamu wa pazia kama hizi. Na sisi tunafungua jumba rasmi Septemba. Opera ya kwanza hapa baada ya miaka sitini."

"Basi waite, Monsieur Alfred. Wakikosa, namba yangu Kalume anayo."

Wataalamu walisema wangeweza kuja mwaka unaofuata. Wiki mbili baadaye Alfred alipiga simu.

Bernardine alikuwa na miaka hamsini na mitatu wakati huo. Alizaliwa Uvira, akajifunza cherehani kwa masista akiwa na miaka kumi na mitano. Vita vilipomtoa kwao alifika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akakaa huko miaka kumi na sita. Mumewe alifia huko, na bintiye Reine alizaliwa huko. Kambini kulikuwa na gauni moja jeupe la harusi, na Bernardine alilifumua na kulishona upya kwa maharusi arobaini na mmoja, wanene kwa wembamba, warefu kwa wafupi. Kila alipolifungua aliweza kusema ni mishono ipi ya kwake na ipi ya fundi aliyelishona mwanzo, ambaye hakuwahi kumjua. Minneapolis kazi aliyoipata ilikuwa ya kufulia katika nyumba ya wazee: kukunja mashuka, kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku. Sindano aliishika siku za mapumziko tu.

Sasa akawa anakwenda Saint Paul asubuhi tatu kwa wiki, kabla ya kuingia kazini. Pazia lilikuwa limeshushwa na kutandazwa jukwaani kama shamba jekundu, naye alikaa katikati yake juu ya mto. Alfred alileta kompyuta yake akakaa ukingoni mwa jukwaa. Alikuwa akiandika kijitabu cha historia ya jumba kwa ajili ya ufunguzi, na alizoea kumsomea kila kipande alichokimaliza.

Kwa njia hiyo Bernardine alijua kwamba jumba lilijengwa na Wacheki, waliokuja kufanya kazi kwenye reli na viwanda vya bia. Nchi yao ilikuwa chini ya himaya ya wengine, haikuwa na serikali yake wala bendera yake. Hata hivyo walichanga, wakajenga nyumba ya kuigizia na kuimbia opera kwa lugha yao, na wakaiita Teatro ya Taifa.

"Taifa gani, na walikuwa huku?" Bernardine aliuliza.

"Hata mimi nilijiuliza," Alfred alisema. "Nadhani lilikuwa pale walipokuwa wao."

Mwaka wa tatu jumba likaungua. Wakajenga tena, na yale maandishi ya mlangoni, yaani "Tumejijengea wenyewe," yakawekwa baada ya moto. Watoto wao walikua wakizungumza Kiingereza, viti vikaanza kubaki vitupu. Likawa jumba la sinema, kisha ghala la fanicha, kisha likafungwa hadi majirani walipounda kamati ya kulifufua.

Wiki ya tatu Bernardine alifika mwisho wa mpasuko, kwenye pindo. Ili aunganishe mpasuko vizuri ilibidi afumue pindo. Ndani alikuta mnyororo wa madini ya risasi, ule unaolipa pazia uzito, jambo alilolitegemea. Nyuma ya mnyororo palikuwa na utepe wa kitani cheupe, umeshonewa majina kwa uzi mwekundu. Majina kumi na moja yalikuwa kamili. La kumi na mbili lilikuwa herufi tatu tu, M, A, R, na baada yake ncha ya uzi ikining'inia.

"Monsieur Alfred," aliita. "Pazia hii ilitoka wapi?"

"Ilinunuliwa Chicago, kiwandani. Kitabu cha zamani kinasema hivyo. Nimeshaiandika."

"Basi umeandika uongo. Njoo uone."

Alfred alisoma majina, akapiga picha, akakuna kichwa. Alisema huenda wanawake hao walishona pindo tu. Bernardine akamshika mkono, akampitisha kwenye vipande vya pazia kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na viwili. Huyu alikaza uzi sana. Huyu alitumia mkono wa kushoto, ona sindano ilikotokea. Huyu alikuwa na haraka. Kipande cha kumi na mbili kilianza na mishono midogo, myororo kuliko yote, na nusu ya safari mkono ule ukatoweka. Wengine walikimalizia kwa zamu.

Alfred alifungua picha aliyopiga, akayasoma majina tena. Kisha akasema, "Kuna bibi mmoja wa Kicheki, anaishi Champlin, mji wa karibu."

Bi Albina Kadlec alikuwa na miaka tisini na minne, na bibi yake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Walimkuta dirishani, mahali Mto Mississippi unapoonekana. Alfred alitafsiri Kiingereza chake. Bi Albina aliishika simu yenye picha karibu kabisa na jicho, akalitaja jina la bibi yake mara mbili.

Alisimulia kwamba baada ya moto wanaume waligawana matofali, mbao na bati. Wanawake wakasema pazia ni letu. Walishona majira yote ya baridi jikoni kwa mtu mmoja. Mdogo wao aliitwa Marketa, msichana wa miaka kumi na tisa, naye ndiye aliyejua kushona kuliko wote. Homa ya matumbo ilimchukua mwezi wa pili.

"Kwa nini hawakumalizia jina lake?" Bernardine aliuliza.

Bi Albina alimtazama kana kwamba swali lenyewe lilimshangaza. "Kila mmoja alishona la kwake," alisema.

Wakiwa njiani kurudi, Bernardine alitoa kwenye mkoba kidonge cha uzi mwekundu. Alikuwa amezunguka maduka manne akitafuta rangi inayofanana.

"Nilitaka kumsaidia," alisema.

"Bado unaweza. Jina zima tunalijua sasa."

"Hapana. Liandike lote kwenye kitabu chako. Kwenye kitambaa aliishia pale."

Kamati haikufurahi. Kitabu cha zamani kiliandikwa na mmoja wa waasisi, na watu wawili walisema fundi wa kanisani hawezi kumsahihisha. Alfred aliwaleta jukwaani. Bernardine hakuwa na Kiingereza cha kutosha kubishana, kwa hiyo aliwaonyesha mishono tu, kipande kwa kipande, kama alivyomwonyesha Alfred. Mwanakamati mmoja, mama wa makamo anayeshona mablanketi ya viraka nyumbani kwake, alivua miwani, akainama karibu na kitambaa, na hakuinuka upesi. Aliposimama aliwaambia wenzake kwamba yeye ameridhika. Ukurasa ukaandikwa upya.

Usiku wa ufunguzi Alfred alisoma majina yote kumi na mawili mbele ya watu, akikosea matamshi karibu yote. Bi Albina aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akayasikiliza huku akitikisa kichwa kwa kila kosa, akasinzia kabla sehemu ya pili haijaanza. Bernardine alikuwa amesimama pembeni mwa jukwaa. Pazia lilipopanda hakuwaangalia waimbaji. Alifuata mshono wake kwa macho mpaka ukapotea juu gizani, kisha akavuta pumzi.

Tangu Januari ameacha mashuka ya nyumba ya wazee. Anafanya kazi katika chumba cha mavazi cha jumba lile, siku nne kwa wiki, kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Wiki hii anapanua suruali ya mwimbaji wa sauti nzito, ambaye amenenepa tangu alipopimwa na anaapa kwamba kitambaa ndicho kilichorudi, kikapungua.