Vikombe viwili vya risasi

Juzi wajukuu zangu wawili walinichukua kutoka nyumbani kwangu Amerat mpaka kiwanja cha shabaha, na roho yangu haikutulia. Mdogo ana mashindano Ijumaa, na bastola yake ya gurudumu inachagua risasi. Kila mmoja anazijaza zake baruti mwenyewe nyumbani na kusema ndo zinazopiga sawa.

“Zako zinatawanyika kama mbuzi,” anasema mkubwa. “Piga zangu.”

“Zako wiki iliyopita zilipiga ukuta, bwana wee.”

Nikachoka. Nikawaambia wageuke, nikazitia risasi kwenye vikombe viwili vya kahawa, za kila mmoja kikombe chake, wasijue zipi za nani, maana zote sura moja. Mdogo akapiga za kikombe cha kwanza, zikatawanyika. Akapiga za kikombe cha pili, matundu yakakaa pamoja, ungeyafunika kwa andazi moja la kaimati.

“Umeziona zangu?” akamwambia kaka yake.

“Hizo za kaka yako,” nikamwambia.

Akakitazama kikombe, akajikuna shingo. “Bibi, Ijumaa mi ntapiga zangu tu.”

Mkubwa akacheka mpaka akakaa chini. Miaka yote nnasuluhisha watu nikidhani wanataka kujua nani mkweli. Sasa nnamuombea mjukuu wangu asishinde, maana akishinda na zile zake, nyumba haikaliki.