Chandarua cha Shangazi

Juzi, sokoni Kibaoni, nilimuuliza muuza samaki kama ana perege wa mtoni. Alicheka. "Dada, hawa wa kufugwa, wamekuja na barafu. Mtoni kuna nini siku hizi?"

Papo hapo nikasikia harufu ya tope la utotoni. Mafuriko yalikuwa yamepungua, na shangazi alinipeleka kwenye dimbwi lililoachwa na mto. Alikuwa ameshona vyandarua viwili vya kulalia vikawa wavu mmoja. Tuliukokota, maji yakinifika kifuani. Tulipouinua, visamaki vyembamba vilirukaruka kwa sauti ya mvua juu ya bati.

"Shangazi, mbona wadogo hivi?"

"Hawa hawakui, mwanangu. Ndivyo walivyoumbwa."

Nilimwamini, na yeye mwenyewe aliamini. Leo najua walikuwa watoto wa perege na kambale, wanangoja maji yapande wapate kurudi mtoni. Tulijaza ndoo mbili, na kila familia ya jirani ilijaza zake.

Njiani kisamaki kimoja kilidondoka, nikainama kukiokota.

"Kiache hicho," alisema shangazi bila kugeuka. "Mtoni wamejaa."