Mikono Kabla ya Bwana Ndevu

Anaitwa Emérence Mauwa, binti Wilondja Zakaria. Huyo Wilondja ndiye aliyebeba kengele ya kanisa kichwani kutoka Uvira mpaka Fizi, kule Kongo, siku tano kwa miguu, asiishushe ila wakati wa kulala. Wilondja ni mwana wa Asukulu, mtu wa kwanza kijijini kwao kuingia majini akatoka na jina jingine, na ndugu zake wakakataa kula naye mwaka mzima. Emérence mwenyewe alivuka ziwa na watoto wanne mwaka ule wa vita, akafika ng'ambo na watatu. Akakaa kambini miaka saba, akaja London, akaosha sakafu za watu mpaka magoti yakagoma. Leo yuko Thamesmead, ghorofa ya tatu, na lifti hupanda siku inayotaka yenyewe.

Shule alisoma mpaka darasa la sita tu. Lakini kile alichokisikia mara moja hakimtoki, na ndiyo maana kanisa lao, linalokodi ukumbi nyuma ya maduka, lilimpa kazi ya kuhesabu mikono.

Desturi hiyo waliitoa Fizi. Mtu hawezi kwenda majini peke yake. Lazima ashikwe mkono na mtu aliyekwenda kabla yake. Siku ya ubatizo mhesabuji husimama karibu na maji, amuulize kila mmoja: nani amekushika mkono? Akishajibu, anaulizwa tena: na yeye nani alimshika? Hivyo hivyo kurudi nyuma, mkono kwa mkono, mpaka wa mwisho. Na sheria ni moja: usitaje mkono usioujua. Anayekwama hurudi kukaa, angoje mwaka mwingine. Emérence aliwahi kumrudisha mtoto wa mchungaji wa zamani, na mchungaji akakubali.

Kwa ukoo wake mikono ilikuwa michache. Emérence alishikwa na baba yake Wilondja. Wilondja alishikwa na Asukulu. Asukulu alishikwa na mzungu wa misheni ambaye watu walimwita Bwana Ndevu, kwa sababu nyuki waliwahi kutua ndevuni mwake asijue. Hapo mhesabuji huuliza: na kabla yake? Na jibu, kama Wilondja alivyoliacha, ni maneno matatu: kabla yake, giza.

Miaka yote ya kuhesabu Emérence aliyapokea maneno hayo kwa watu wengine, na hakuwahi kubadilisha hata pumzi iliyo katikati yake.

Sasa ikafika zamu ya Keren, mjukuu wake, mtoto wa binti yake Stéphanie. Keren ana miaka kumi na saba, amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Bibi yake alikuwa amengoja siku hiyo tangu mtoto akiwa kwenye nepi, kwa sababu wajukuu wengine walikwisha kwenda zao, mmoja Kanada, mwingine hataki hata kusikia kengele. Keren ndiye mkono uliobaki. Wakakaa jikoni kufanya mazoezi, sombe ya majani ya muhogo inachemka mekoni, wakaenda vizuri mpaka kwa Bwana Ndevu. Hapo mtoto akafunga mdomo.

Bibi akauliza mara ya pili: na kabla yake? Keren akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba maji ataingia, na Mungu yeye anamwamini, lakini neno hilo hatalisema.

"Bibi, babu zako wote walikuwa giza mpaka mtu mmoja akashuka kwenye mtumbwi na ndevu zake?" alisema. "Na wale Wabelgiji waliokuja na viboko, hao ndio walikuwa taa?"

Emérence akamwambia hilo ni neno la Wilondja, na Wilondja hakubeba kengele siku tano ili mtoto wa Thamesmead aje kumsahihisha. Keren akajibu polepole, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi: kwamba shuleni wenzake humwambia kila siku anasali dini ya wazungu, na sasa bibi yake mwenyewe anataka asimame mbele ya watu akiri kwamba wanasema kweli.

Hawakusemeshana siku kumi na moja. Nyumba ya vyumba viwili, watu watatu, na wawili wanapishana kama wapangaji. Stéphanie, ambaye hulea wazee wa watu kwa zamu, alikuwa akirudi asubuhi anamkuta kila mmoja na chai yake. Emérence alijua vizuri kilicho mbele yake. Keren asipojibu, atamrudisha kukaa kama alivyomrudisha mtoto wa mchungaji, na huyu akirudi kukaa hatasimama tena. Mikono ya Asukulu itaishia kwa bibi kizee mwenye magoti mabovu.

Siku ya kumi na mbili, akiwa anasugua sufuria, akakumbuka bakuli.

Miaka kumi na minne alikuwa akifanya usafi katika jumba moja la makumbusho katikati ya mji. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma alfajiri, na kutoka kabla wageni hawajafika. Katika chumba kimoja kulikuwa na kabati la kioo ambalo alilifuta kila siku ya Mungu, na ndani yake bakuli la udongo, dogo, jekundu, lenye msalaba uliochorwa katikati. Kikaratasi cha pembeni hakuwahi kukisoma. Kilikuwa cha Kiingereza, na msimamizi alikuwa akihesabu dakika. Aliuona msalaba, akadhani ni chombo cha Ulaya, akafuta kioo, akaenda. Sasa alitaka kujua lilitoka wapi hasa.

Akavaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda treni pale Abbey Wood, na kwa mara ya kwanza akaingia kwa mlango wa mbele.

Mlinzi wa chumba kile alikuwa Mwende, Mkamba wa Kitui, ambaye zamani walikuwa wakigawana chai ya chupa kabla ya zamu kuanza. Alipomwona akacheka kwa sauti ya chini, kama watu wa pale wanavyocheka.

"Mama Emérence, leo umeingia kwa mlango wa watu?"

"Leo hata mimi ni mtu, binti yangu. Hebu nisomee kile kikaratasi."

Mwende akasoma, akifasiri neno kwa neno. Bakuli limetoka Dongola, mji wa Nubia, nchi ya watu weusi kando ya mto Nili. Lina miaka kama elfu moja. Chini yake mtu amekwaruza jina la malaika Mikaeli, kwa maandishi ya kwao wenyewe. Watu hao walikuwa na wafalme Wakristo na makanisa yenye kuta za picha kwa karibu miaka mia tisa.

Emérence akahesabu kwa vidole. Bwana Ndevu alifika siku za ujana wa babu yake. Toa hapo, rudi nyuma, rudi tena. Vidole vikamwishia.

Akauliza Nubia ni upande gani. Mwende akafungua ramani kwenye simu, akamwonyesha Kongo, akapandisha kidole kidogo tu kwenda juu, kikasimama Sudani. Akasema kabla ya kuitwa Nubia, nchi ya pale pale iliitwa Kushi.

Mama akatafuta benchi akakaa. Kushi alikuwa akiijua. Yule mtunza hazina wa malkia wa Kushi, aliyebatizwa njiani akaendelea na safari yake akifurahi, alikuwa akimsoma tangu darasa la tatu. Lakini katika picha ya misheni yule bwana alichorwa mweupe, mashavu mekundu, nywele za kahawia, na mtoto Emérence akajua kwamba Kushi ni mtaa fulani wa wazungu, mbele kidogo ya Yerusalemu. Miaka sitini alimsoma hivyo. Mtu aliyekwenda majini kabla Ulaya nzima haijajua kusali, naye alikuwa jirani yao.

Alirudi pale mara nne. Mwende alikuwa akimtafutia vitabu wakati wa mapumziko yake, anamsomea, na mama anaweka kichwani bila kuandika. Wale wakulima kumi na wawili wa Skili, Afrika ya kaskazini, waume kwa wake, waliopewa siku thelathini za kufikiri kama wataikana imani, wakasema hazihitajiki, wakauawa. Felisita mtumwa, aliyejifungua gerezani Karthago kabla ya kutupwa kwa wanyama wakali. Antoni wa Misri, kijana aliyeuza mashamba ya marehemu baba yake akaenda jangwani. Mfalme Ezana wa Aksumu, aliyeweka msalaba kwenye sarafu zake. Walipofika kwa Felisita alimwambia Mwende aache kusoma kidogo. Alikuwa akimfikiria mtoto wake wa nne, aliyebaki ziwani.

Wiki ya ubatizo akamweleza Papa Philippe, mzee wa kanisa, kwamba jibu la mwisho litabadilika. Philippe ni mtu wa Fizi pia, na Wilondja ndiye aliyemfundisha kusoma. Alikasirika mpaka akavua miwani.

"Mama Emérence, neno la baba yako unalitupa kwa ajili ya bakuli?"

"Baba yangu hakuwa Mungu, Papa Philippe. Alikuwa mtu wa Fizi. Alisema alichoambiwa."

Philippe akasema basi na kengele Wilondja aliibeba bure. Hilo lilimchoma Emérence. Mchungaji Aristide, kijana, yeye alifurahi kupita kiasi. Akashauri waunganishe yote moja kwa moja, kutoka Kushi mpaka Fizi bila kukatika, vijana wangependa, na nani angejua? Emérence akamtazama mpaka kijana akainamisha macho. Nubia ilikufa na makanisa yake yakafunikwa na mchanga, na hakuna mtu anayejua kama mkono wowote wa kule uliwahi kufika ziwani. Usitaje mkono usioujua. Sheria hiyo hakuipokea kwa mzungu.

Usiku ule hakulala vizuri. Kufuta neno la marehemu baba si kazi ya mtu mwenye moyo mwepesi.

Jumapili wakajaa ukumbini, akina mama kwa vitambaa vyeupe kichwani, birika kubwa la plastiki limejazwa tangu alfajiri. Keren alikuja kwa sababu mama yake alimlilia. Alisimama wa mwisho katika mstari, uso umefungwa. Bibi yake hakuwa amemwambia lolote. Alipofikiwa, Emérence akamshika mkono, akauliza.

"Nani amekushika mkono?"

"Wewe, bibi."

Wakarudi nyuma: Wilondja, Asukulu, Bwana Ndevu.

"Na kabla yake?"

Keren akanyamaza. Ukumbi wote ukasikia kunyamaza kwake. Papa Philippe alikuwa mbele, mikono juu ya fimbo. Emérence aliacha mtoto anyamaze mpaka ikawa wazi kwamba hatasema, kisha akafanya jambo ambalo mhesabuji hafanyi: akajibu mwenyewe.

"Kabla yake kuna mikono tusiyoijua," alisema. "Nainyamazia."

Akanyamaza. Pumzi nzima, na ya pili, na ya tatu. Mtoto mmoja akalia nyuma, akatulizwa.

"Na kabla ya hiyo, mtu wa Dongola aliyekwaruza jina la Mikaeli chini ya bakuli. Ezana wa Aksumu. Antoni wa Misri. Felisita aliyezaa gerezani. Watu wa Skili waliokataa siku thelathini. Na mtunza hazina wa Kushi, aliyeyaona maji njiani akauliza nini kinamzuia. Hapo hapakuwa na giza. Baba yangu Wilondja hakuambiwa. Angeambiwa, angewahesabu."

Philippe alikuwa ameinama, na haikujulikana kama anasali au amekasirika. Siku ile aliondoka bila kuaga, na mpaka leo anamsalimia mama kwa kichwa tu.

Keren akaingia majini. Alipotoka, nywele zikichuruzika, bibi alikuwa amemshikia taulo, na hakuuachia mkono wake.

"Umesikia pale niliponyamaza?"

"Nimesikia," alisema Keren, kwa Kiswahili.

"Mwakani sitasimama hapa, magoti yamekataa. Utahesabu wewe. Mikono iliyo katika ule ukimya mimi siwezi kuitafuta, sina kusoma kwa kutosha, wewe unako. Ukiupata mmoja, uwe na hakika nao kama una hakika na mkono huu, ndipo uutaje. Usipoupata, nyamaza palepale, pumzi tatu, usipunguze hata moja."