Kiapo cha Zaituni

Zaituni wa Muyinga alikuwa fundi cherehani, na neno yatima halikuingia nyumbani kwake. Dada yake Aisha, aliyeolewa Gitega, aliuawa vita vilipoanza, akirudi na maharagwe kutoka Bugendana. Zaituni alikwenda kuzika, akarudi na kichanga cha Aisha mgongoni, Raissa. Akamnyonyesha titi moja, mwanawe Husni titi la pili. Wanawake wa mtaa wa Waislamu wakakubaliana: amenyonya, basi ni wake, na atakayefungua mdomo mbele ya mtoto alaaniwe. Miaka sita hakuna aliyefungua. Nyinyi mnaosema wanawake hawana siri, mngefika Muyinga.

Vita navyo havikuchoka. Mume wa Zaituni, Mustafa, alipeleka chumvi Giteranyi kwa baiskeli, hakuonekana tena. Kisha malaria ikashika milima yote, kuanzia Gasorwe hadi mjini. Raissa akaungua homa mpaka viganja vikawa vyeupe. Hospitali wakataka pesa kwanza, na Zaituni alikuwa ameshauza hata cherehani.

Likabaki tumaini moja. Serikali ilikuwa imeahidi kuwalipia matibabu yatima wanaolelewa na ndugu zao. Zaituni akaenda ofisi ya komini kuomba, akaambiwa ofisa atakuja kuwauliza majirani. Aliona haya kuwaonya wenzake. Haya gani hiyo, mtoto akiwa anakufa?

Ofisa alifika asubuhi, majirani wakakusanyika. Raissa alikuwa amelazwa mkekani, mlangoni, macho wazi.

"Huyu mutoto iko wa nani?" ofisa akauliza.

Salama, jirani wa Zaituni, akamtazama mtoto, akajibu haraka, "Ni wa Zaituni, shefu. Amenyonya kwake."

"Wallahi ni wake," wengine wakaitikia.

Masikini, walidhani wanamwokoa mtoto asijue! Ofisa akamgeukia Zaituni kwa hasira. "Sasa we umeniita huku juu ya nini, mama? Yatima iko wapi?"

Akaanza kuondoka. Zaituni akamkimbilia, akamshika mkono, akanong'ona.

"Sisikii. Hawa wote wameapa. Na we apa, sema nguvu."

Zaituni alitamani ardhi immeze. Akamwangalia Raissa, akaona kifua kinavyohangaika kutafuta pumzi.

"Wallahi si wangu!" akapiga kelele. "Mama yake, dada yangu, alikufaka! Mi sikumuzaa!"

Salama akajifunika uso kwa kanga. Maji yakimwagika hayazoleki. Ofisa akaandika, na mchana ule ule Raissa akapokelewa hospitali.

Homa ilimwachia baada ya siku kadhaa. Zaituni alikuwa ameketi kando ya kitanda, hana machozi tena. Raissa akafumbua macho, akamtazama.

"Mama mudogo," akasema kwa adabu, "naomba maji."

Zaituni akamwinua kichwa, akamnywesha.